Ua Lililokosea Mtaa

Nyanzobe alinipa kipande kifupi kama kidole cha mtoto,
amekifunga kwa gazeti lililolowa,
akasema: "Kiache kivulini siku tatu, jeraha likauke,
ndipo ukipande. Na usikionee huruma kwa maji."
Sikuuliza kitatoa nini.
Baina yetu haliulizwi hilo;
ni sawa na kumwuliza mgeni atalala siku ngapi.

Kwangu Mabatini udongo hakuna, kuna mawe,
mawe yaliyokalia mawe wenzao
kama watu waliochoka kungoja zamu,
na katikati yao ndoo za rangi, sufuria lililotoboka,
beseni ambalo Masalu aliliziba mara nne kabla ya kulisamehe.
Udongo tuliupandisha kwa mgongo, kiroba kwa kiroba,
tukauchanganya na samadi
na mifupa ya sangara iliyotwangwa.
Majirani wakauliza, "Mchicha?"
"Maua."
Wakatutazama
wanavyotazamwa watu wenye madeni.

Mwezi wa nane kidole kilikuwa kimejaza ndoo:
vidole vinene, pembe nne nne,
visivyo na jani wala haya.
Kisha puto, limefumba kama ngumi.
Kisha, Jumanne moja, kabla chai haijachemka,
ngumi ikafunguka:
nyota ya ncha tano, pana kuliko kisahani,
rangi ya ini, mistari kama ya pundamilia aliyefifia,
na vinyweleo, vile vya shavu la kijana
anayeficha wembe wa kaka yake.

Na harufu.
Jamani, ile harufu!
Panya wa siku tatu nyuma ya kabati.
Nzi walikuja kana kwamba wametangaziwa.

Nikampigia Nyanzobe. Alicheka mpaka simu ikamponyoka.
"Ndivyo lilivyo! Linawadanganya nzi.
Wengine tunadanganywa na waridi, nani kasema neno?"

Bi Gaudensia wa ukuta wa pili akaja, khanga puani:
"Hapa kuna kitu kimekufa."
Nikamwonyesha.
Alisimama muda wa kuchambua sahani ya mchele.
Akainama. Akanusa. Akajuta. Akanusa tena.
"Nyie watu hamna kazi," akasema, akaenda zake.
Alhamisi akarudi na kopo la mtindi lililooshwa:
"Nikatie kidole kimoja.
Nina mpangaji halipi, na dirisha lake linatazama barazani kwangu."

Masalu naye lake alilishusha Mwaloni, Kirumba,
akaliweka kati ya magunia ya dagaa,
akangoja watu wapige kelele.
Hakuna aliyepiga.
Akina mama waanikao dagaa, pua zao zimehitimu zamani,
walipita, wakasimama, wakasema tu:
"Lo! Zuri hilo. Nani kalidarizi?"
Siku nzima hakuna aliyetaja harufu.
Masalu alinieleza hayo kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyekwenda kufanya mzaha
akakuta msiba, au harusi, hajui ipi.
Usiku akaandika kwenye kipande cha boksi
akakiegemeza kwenye kopo:

*Ua langu, sina soni, nzi waje wakitaka,*
*kuna nini duniani kisichopata kunuka?*
*Hata dagaa juani hunuka wakikauka,*
*na bado kule mezani twagombea kupakua.*

Nyanzobe alihesabu mizani kwa vidole vyake vyenye udongo,
akakosa kosa, akanuna kidogo.

Jumapili tuliketi juu ya jiwe langu kubwa, watatu,
ziwa huko chini limelala kama bati jipya,
tukimenya karanga, tukilitazama ua likinywea.
Siku nne tu, limekwisha;
linajikunja kama mwavuli wa mtu aliyefika.
Hatukusema jambo la maana.
Masalu alidai la kwake lilikuwa pana zaidi.
Ni uongo.

Nyanzobe akaingiza mkono mkobani,
akatoa gazeti lililolowa.
Ndani, kitu cheusi, kina nywele,
hakifanani na mizizi wala na mnyama.
Nilifungua mdomo,
nikaufumba,
nikaenda kutafuta ndoo.